Minara ya taa "ya" kihistoria au "za" kihistoria?

SWALI: Tunaandaa bango la maelezo kuhusu minara ya taa ya Zanzibar. Mwenzangu ameandika "minara ya taa za kihistoria". Mimi nasema iwe "ya kihistoria". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Mnachokieleza ni minara, nayo iko katika ngeli ya U-I: mnara wa, minara ya. Mwenzako amevutwa na neno lililo karibu, taa, la ngeli ya I-ZI, akalipatia sifa ya mwenziwe. Alichoandika kina maana, ila maana yake ni kwamba taa ndizo za kihistoria. Minara yenyewe hakuisemea.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi katika umoja. Chukua mnara wa kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja. Waingereza waliujenga mwaka 1904, na taa yake ya gesi ikawekwa mwaka 1926. Basi "mnara wa taa wa mwaka 1904" ni sahihi, kwa kuwa mwaka huo ni wa mnara. "Mnara wa taa ya gesi" nayo ni sahihi, maana kinachotumia gesi ni taa. Lakini ukiandika "mnara wa taa ya mwaka 1904", umeizeesha taa kwa miaka 22, na mgeni atakayesoma bango lenu ataondoka na historia potofu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema upatanisho ni mambo ya mtihani tu.

Katika wingi kuna mtego. "Minara ya taa ya kihistoria" ni sahihi, ila "ya" hiyo ya pili inaweza kuwa ya minara au ya taa moja, maumbo yamefanana. Dawa yake ni kuisogeza sifa ikae jirani na mwenyewe: "minara ya kihistoria ya taa". Vivyo hivyo "mnara mrefu wa taa", si "mnara wa taa ndefu". Na ule wa Ras Kigomasha, Pemba, uliojengwa kwa chuma mwaka 1900, uandikeni "mnara wa chuma wa taa", msomaji asidhani chuma ni cha taa.

Neno "taa" lenyewe msilirudie kila mstari. Kule Nungwi, mahali palipo na mnara wa taa panaitwa Mnarani, basi, na kila mtu anaelewa. Litajeni mwanzoni tu, kwa sababu pwani yetu ina minara ya namna nyingi: Mnarani ya Kilifi, kwa mfano, inajulikana kwa magofu ya misikiti na kaburi lenye mnara. Baada ya hapo "mnara" linatosha.