Wafundishe kwa miguu, si kwa mdomo tu

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wa darasa la pili wanaimba vizuri kanuni za kuvuka barabara, kisha wakitoka nje wanachomoka bila kutazama. Kukariri hakutoshi, lazima mwili uzoee. Mtoto wa miaka 7 bado hajui kukadiria mwendo wa gari, tena kwa ufupi wake dereva hamwoni akiwa nyuma ya gari lililoegeshwa.

Chora barabara kwa chaki uwanjani, wavuke mmoja mmoja: asimame ukingoni, atazame pande zote, asikilize. Shingo ikigeuka huku macho yamebaki kwa rafiki aliye ng'ambo, mrudishe kwa upole aanze upya. Halafu rusha mpira uvuke mstari. Hapo ndipo wengi husahau yote, kwa hiyo zoezi hilo lirudie kila wiki.