Kutoka Windows Home kwenda Pro

SWALI: Nina laptopu yenye Windows 11 Home. Nataka kuiingia kwa mbali nikiwa kazini, nikanunua leseni ya Pro. Nikiiweka inaleta kosa 0x803fa067. Je, nifute kila kitu nianze upya?

JIBU: Usifute chochote, ndugu msomaji. Mafaili na programu zako hubaki zilivyo. Kinachobadilika ni toleo tu. Hakikisha kwanza Home yenyewe imeshaamilishwa, yaani Microsoft imeitambua kuwa na leseni halali, kisha zima Wi-Fi na uchomoe waya wa mtandao. Fungua Settings, System, Activation, bonyeza Change, uandike namba ya jumla ya Microsoft: VK7JG-NPHTM-C97JM-9MPGT-3V66T. Hiyo hubadilisha toleo bila kuliamilisha. Kompyuta ikishawaka upya, rudisha intaneti na uweke palepale namba yako yenye tarakimu na herufi 25.

Ikikataliwa tena, tatizo ni leseni yenyewe. Zile za bei ya kutupa mara nyingi ni za makampuni zilizouzwa rejareja, na Microsoft huweza kuzifunga wakati wowote. Dai hela yako.

Sasa washa Remote Desktop, huduma ya kuingia kwa mbali ambayo Home haina, ndani ya System. Itakudai nywila ya akaunti. Ile PIN ya kufungulia kioo haikubaliki. Tunakusihi usifungue poti 3389, mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta, wezi huisaka usiku na mchana. Pitia VPN, njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti.

Ukiwasha na BitLocker, kinga ya Pro inayosimba diski nzima, chapisha ule ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 na uuhifadhi mbali na laptopu. Ufunguo huo ukipotea, diski ikajifunga, hakuna fundi wa kukurudishia mafaili.