Alama za C za mwaka wa kwanza na udahili wa shule ya famasi

SWALI: Ndugu Mshauri, binti yangu alimaliza kidato cha sita hapa Mbeya kwa mchepuo wa PCB, akapata ufadhili wa kusoma Marekani. Nia yake ni kuingia shule ya famasi baada ya miaka miwili ya masomo ya awali. Muhula wa kwanza amepata C ya kemia na C ya hisabati. Anasema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu, na kwamba akirudia masomo hayo alama za zamani zitafutwa. Je, ni kweli?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Mama yetu, la kufutwa si kweli, na ni vema binti alijue mapema. Chuo chake kinaweza kuhesabu alama mpya peke yake, lakini shule nyingi za famasi za Marekani hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao PharmCAS, ambao hukokotoa wastani upya kwa kuingiza kila somo alilosoma mwombaji, la kwanza na la marudio.

Sisi tumezoea mtihani mmoja wa mwisho kuamua mambo, ndiyo maana mwaka wa kwanza huonekana mwepesi. Kule kila muhula huingia katika wastani, na kwa anayekusudia kuondoka baada ya miaka miwili hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa maombi hutumwa mwanzoni mwa mwaka wa pili, wakati ambapo kamati ya udahili ina matokeo ya mwaka wa kwanza karibu peke yake mezani. Tena PCAT, mtihani wa kuingia shule za famasi, ambao zamani ulimpa mwombaji nafasi ya kuonyesha uwezo wake nje ya darasa, ulisitishwa mwaka 2024.

Hata hivyo C mbili hazijamfungia mlango, nami nakusihi usimlaumu. Tuseme krediti 30 za mwaka wa kwanza zitampa wastani wa 2.4 kati ya 4.0. Akipata 3.6 katika krediti 30 za mwaka wa pili, wastani wote utafika 3.0; na akikaa hadi amalize shahada ya kwanza ya krediti 120 kwa kiwango hicho hicho cha 3.6, utafika 3.3. Kwa maoni yangu, kuahirisha maombi kwa mwaka mmoja au miwili, iwapo ufadhili unaruhusu, ni bora kuliko kuomba haraka kwa matokeo dhaifu, maana kamati nyingi hutazama pia kama mwanafunzi anapanda au anashuka.

Kuhusu kurudia, asikimbilie. Shule nyingi hukubali C katika masomo ya lazima, kwa hiyo swali la msingi ni kama ameielewa kemia hiyo. Kemia ya kaboni, inayofuata, hujengwa juu yake. Asiyeelewa ya kwanza ataumia katika ya pili, na hapo kurudia kuna faida hata kama alama ya zamani inabaki. Ikiwa ameielewa, nguvu zake zielekezwe katika masomo mapya.

Kabla hajajisajili kwa muhula ujao, aende kwa mshauri wake wa masomo akiwa na masharti ya shule tatu au nne anazozitaka, aulize kila moja inavyohesabu masomo yaliyorudiwa, kisha wapange pamoja asibebe kemia, fizikia na hisabati kwa mkupuo mmoja.