Mimba ya Kwanza, Nami Niko Siyu

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina mimba ya kwanza, miezi minane. Mavyaa wangu asema uchungu wa kwanza huchelewa, basi nisihangaike kuhamia Amu (Lamu mjini) mapema. Tena asema maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, ni machafu. Yakamuliwe yamwagwe, mtoto apewe maji ya sukari. Nifuate lipi?
Mja mzito, Siyu, kisiwa cha Pate

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mavyaa wako amesema kweli moja: uchungu wa mimba ya kwanza hauna haraka. Huweza kuchukua saa 12 na zaidi. Lakini hapo hajaitia bahari katika hesabu. Mkono wa bahari wa Siyu hukauka maji yakitoka, na Mkanda, ule mlango wa bahari wa kuendea Amu, haupitiki vizuri maji yakipwa. Nahodha hana budi kungoja yajae, au azunguke nje kwenye mawimbi, na kusi ikivuma, kuzunguka huko si kwa mtu mwenye uchungu. Nimepokea wanawake walioshuka gatini Amu wamelowa chepechepe, nguvu zimewaishia kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Kwa hiyo wiki hii nenda kliniki na kijitabu chako, umuulize muuguzi waziwazi: hospitali ya Faza yanitosha, au niende King Fahd, Amu? Ukiwa na presha, mapacha, au mtoto ametanguliza matako, usibishane, hamia Amu kwa jamaa tangu wiki ya 37, kwani kuanzia hapo mtoto anaweza kuja siku yoyote. Hakikisha umejiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali. Mumeo aweke kando nauli ya boti, azungumze mapema na nahodha atakayekubali kuamshwa usiku, na ajue ni nani atakayekutolea damu ikihitajika.

Uchungu wa kweli utaujua kwa mwendo wake. Hushika kiunoni ukazunguka hadi tumboni, huachia, hurudi, na kila ukirudi huwa mkali zaidi na karibu zaidi. Ule wa uongo hutulia ukilala au ukinywa maji. Wanaokaa jirani na hospitali huambiwa wangoje mpaka ushike kila dakika 5. Wewe usingoje hivyo. Ukishapata mpangilio tu, ondoka. Na chupa ikivunjika, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, hapo ondoka hata bila uchungu.

Sasa hayo maziwa. Mwanangu, usiyamwage! Dang'a hiyo ya manjano ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na imejaa kinga ambayo maji ya sukari hayana. Mweke mtoto kifuani ndani ya saa ya kwanza. Maziwa meupe huja kwa wingi siku ya pili hadi ya nne, na uzito wa mtoto hupungua kidogo siku hizo kisha hurudi. Watu wakiona hivyo husema hashibi. Mnyonyeshe tu, usiku na mchana, miezi 6 bila maji wala uji. Asali asionje kabla ya mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi pumzi. Kitovu kiachwe kikavu, bila wanja. Na machoni pia sitaki wanja, mwingine una madini ya risasi ndani.

Arubaini mimi naipenda. Mzazi kupikiwa, kukandwa, kuachwa alale mchana, hayo ni matibabu. Ila ukipasuliwa, asikukande mtu karibu na kidonda. Damu ya uzazi huendelea wiki kadhaa ikipungua. Ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, hiyo ni hospitali, arubaini au si arubaini. Machozi ya wiki ya kwanza huja yakapita. Yakizidi wiki mbili, au ukijikuta humtaki mtoto, mwambie muuguzi, usione haya.

Ndani ya hizo siku 40 utatoka kwenda kupimwa, wewe na mtoto. Chanjo za wiki ya 6 nazo huangukia siku mbili tu baada ya kutoka arubaini. Mwombe mavyaa wako akusindikize, ambebe mjukuu wake, na lile swali la maziwa amuulize muuguzi yeye mwenyewe.