Nilinunua parachuti ya 150 kwa macho, nikailipa kwa kifundo cha mguu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wenye picha tano. "Shikamoo dada. Nimepata parachuti ya futi za mraba 150, seli tisa, kitambaa kinang'aa, muuzaji anasema haina tatizo lolote. Nina miruko 90. Nichukue?"

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetua na 150 yangu pasipo hata upepo wa kupeperusha jani. Nilikwenda hatua nne, nikasimama, nikaikusanya begani huku najifanya siwaoni waliokuwa wananitazama. Nakiri, nilitaka sana wanitazame. Ila kati ya siku niliyoinunua parachuti hiyo na kutua huko kuna miaka mitatu, na skrubu mbili ndani ya mguu wangu wa kushoto.

Basi mdogo wangu, jibu lako ni hili, na ni refu.

Nilikuwa na miruko 87. Leseni yangu ilikuwa ya ngazi ya B, ambayo kwa utaratibu wa USPA, chama cha warukaji parachuti cha Marekani, huhitaji miruko 50, lakini kichwa changu kilikuwa cha D, inayohitaji 500. Nilichoka na parachuti ya wanafunzi ya futi za mraba 230, lile jahazi linaloelea huku wenzako wameshatua, wamekunja na wako kwenye foleni ya ndege. Pale uwanjani kulikuwa na mrukaji mmoja ambaye akikaribia ardhi watu huacha kukunja parachuti zao wamtazame. Siku moja akanong'ona kwamba anauza 150 yake. Nisiseme uongo: sikununua kitambaa wala kamba. Nilinunua namna anavyotua.

Nilimuuliza swali moja tu, kama haitakuwa ndogo kwangu. Akanijibu, "Chukua tu, mdogo wangu, utaikulia."

Nguo ya mtoto ndiyo hununuliwa kubwa ili aikulie. Parachuti ndogo haikungoji ukue.

Hesabu yenyewe ningeweza kuifanya nyuma ya tiketi ya ndege. Chukua uzito wako ukiwa umevaa kila kitu unachoruka nacho, uuweke katika pauni, ugawanye kwa futi za mraba za parachuti. Mimi na vifaa vyangu tulikuwa kilo 79, yaani pauni 174. Kwa 190 napata 0.92. Kwa 170 ni 1.02. Kwa 150 ni 1.16. Walimu wengi hukwambia usivuke 1.0 mpaka ufike miruko 100, kisha uongeze 0.1 kwa kila miruko 100 mingine. Kwa kipimo hicho nilikuwa najiazima zaidi ya miruko 150 ambayo sikuwa nayo. Na hesabu hii niliifahamu! Tulifundishwa. Niliipita tu kama mtu anavyopita dawati la mapokezi.

Kiswahili chetu nacho kinatudanganya kidogo. Tunasema mwavuli, na ukisikia mwavuli unawaza kitu cha kukufunika ushuke taratibu. Kile alichokipatia hataza Domina Jalbert mwaka 1966 si mwavuli, ni bawa. Hewa huingia mbele ya seli, yaani vile vifuko vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, bawa likajaa, likaruka kwenda mbele. Bawa dogo lenye mzigo mkubwa huenda kasi, na ukilipindisha hupiga mbizi.

Miruko kumi ya kwanza ilinipa kila dalili. Ilikuwa ikifunguka kwa mshtuko na kugeukia kushoto. Hata nikiachia breki kabisa, zile kamba mbili za kuongozea bawa, mikono juu, iliendelea kusogea kushoto polepole. Nikasema ni mikanda ya miguuni, nimeikaza vibaya. Nikikaribia kutua na kuvuta breki, ilishika mapema mno, mikono ikiwa bado juu ya kifua. Nikasema hiyo ndiyo raha ya parachuti ya kisasa. Ukishakipenda kitu, unakuwa wakili wake.

Mruko wa 98 upepo uligeuka nikiwa tayari kwenye mstari wa mwisho. Ningetua na upepo mgongoni, moja kwa moja, bawa likiwa sawa, ningeviringika kwenye nyasi na kuchubuka viwiko. Badala yake, nikiwa juu kama paa la ghorofa la tano, nikavuta breki ya kushoto ili nigeukie upepo, kama nilivyozoea kufanya na lile jahazi la 230. Upeo wa macho ulipanda ghafla. Nakumbuka nyasi, tena nakumbuka jani moja moja. Nilivuta breki zote mbili, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Habari za hospitali naziacha. Zilikuwa za kuchosha tu.

Nilipoanza kutembea na magongo nilimpelekea fundi parachuti ile, yule ambaye nilipaswa kumpelekea kabla ya kulipa. Hakutazama kitambaa. Alizitundika kamba kwenye msumari, akazivuta kwa uzito uleule, akaleta futi kamba na karatasi ya vipimo vya kiwanda. Breki ya kulia ilikuwa fupi kwa sentimita 5. Ya kushoto, sentimita 9. Akanionyesha pale breki inapopita kwenye pete ya raiza, ule mkanda unaounganisha kamba na begi la mgongoni: kamba imeota manyoya kama soksi kuukuu. Kisha akapitisha kipande cha pamba ndani ya pete ya slaida, kile kitambaa kinachoshuka kwenye kamba ili bawa lisifunguke ghafla, nacho kikanasa. Pete ilikuwa na kovu, na kila mara slaida iliposhuka ilikuwa ikizila kamba.

"Hizi ni Spectra," akasema. "Slaida ikishuka inasugua, inatoa joto, na Spectra ikipata joto hunywea. Za breki ndizo hunywea zaidi. Alikwambia zina miruko mingapi?"

Sikuuliza. Nilichouliza ni kama itanifaa, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Nilimpigia muuzaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe ndiye uliyegeuka chini." Ni kweli. Nusu nzima ya kosa ni yangu, pengine na zaidi. Lakini ile nusu nyingine alikuwa ameiruka kwa misimu miwili na alijua inavuta kushoto, maana mwenzake mmoja aliniambia baadaye walikuwa wakimtania nayo. Hajawahi kuniuliza mguu unaendeleaje. Tunapanda ndege moja hadi leo, tunagonganisha ngumi mlangoni kama ilivyo desturi ya warukaji wote, na mimi naangalia pembeni.

Kwa hiyo usiniambie kitambaa kinang'aa. Kitambaa ndicho cha mwisho kuchakaa. Kile kisichopitisha hewa hudumu kuliko seti moja ya kamba, na tena kuliko mbili. Uliza kamba. Uliza ni za aina gani na zina miruko mingapi tangu zifungwe, si parachuti ina miruko mingapi. Spectra hunywea. Vectran hainywei, lakini huchakaa na kukatika bila kukubembeleza. Dacron ni nene na hunyumbuka, ndiyo utaikuta kwenye parachuti nyingi kubwa za wanafunzi. Kisha uliza kamba tena, maana muuzaji atakuwa amehamia kwenye rangi. Tafuta lebo: hushonwa kwenye kitambaa chenyewe, ina ukubwa, namba na tarehe ya kutengenezwa. Halafu mpe fundi aipime kwa futi kamba kabla hujalipa. Muuzaji akikataa fundi asiione, hapo amekwisha kukujibu.

Na ukishainunua iliyo sahihi, usiende kuijaribu pale unapotua. Toka ndani ya ndege na ufungue mapema, futi 5,000, baada ya kumwarifu rubani na wenzako. Ukiwa huko juu, achia breki kabisa utazame juu: kamba za breki zinatakiwa zilegee na kuinama nyuma kidogo, kama kamba ya nguo isiyo na nguo. Zikiwa zimenyooka na mkia wa bawa umevutwa, ni fupi. Vuta breki polepole mpaka bawa liishiwe nguvu, ujue mikono ilikuwa wapi, kisha ziachie polepole vilevile. Ukiziachia ghafla litakurusha mbele. Geuka ukiwa na breki zote mbili nusu, uone linavyozunguka bila kupiga mbizi. Huko ndiko kugeuka ambako kungeniokoa mimi. Fanya mazoezi ya kutua mara kumi hewani, na majaribio yote yaishe kabla ya futi 2,500. Chini ya hapo kazi yako ni kutua.

Watu wanaogopa parachuti isiyofunguka. Mimi waliovunjika ninaowajua, nami nikiwemo, tulivunjika chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa. Tuache kuwapigia makofi wenye mabawa madogo na kuwaita waoga wenye makubwa. Tunawaua wadogo zetu kwa sifa.

Baada ya mguu kupona niliazima 190, nikaruka nayo zaidi ya miruko 100. Kisha 170 ya mtumba, ambayo fundi aliipima mbele ya mwenyewe. Ile 150 ilikaa ndani ya begi mpaka nilipoweza kuigusa tena bila kusikia uchungu. Ikafungwa kamba mpya na slaida mpya. Niliirudia nikiwa na miruko 310. Haivuti kushoto. Ni parachuti nzuri sana kumbe.

Sasa turudi kwenye picha zako. Nimeikuza ile ya nne. Juu kidogo ya pete ya raiza ya kulia kuna manyoya, na nina hakika si vumbi la simu. Nikakuomba picha ya lebo. Umenijibu jana kwamba muuzaji anasema ataituma, bado anaitafuta.

Lebo imeshonwa kwenye parachuti, mdogo wangu. Anaitafuta wapi?