Unaanza picha za sayari? Usikimbilie kufuta vidoti

Kuna vijana hapa Mwanza wameanza kunifuata wanataka niwafundishe kutengeneza picha za sayari, zile zinazopigwa na vyombo vya anga, na karibu wote swali la kwanza ni rangi, kaka rangi unaitoaje. Nawaelewa, hata mimi nilianzia huko huko. Ila rangi iacheni kwanza.

Kamera nyingi za hivi vyombo, kama ile ya Cassini iliyokaa Zohali toka 2004 mpaka 2017, zinapiga nyeusi na nyeupe tu. Kuna filta mbele, inapigwa moja kwa filta nyekundu, nyingine kijani, nyingine bluu, halafu wewe huku unazipanga zote tatu kwenye programu, mi natumia GIMP maana ni ya bure na laptopu ya kawaida inaiweza. Sasa kati ya picha ya kwanza na ya tatu chombo kimeshasogea na hiyo sayari au mwezi wake unaopigwa picha umeshasogea, ndo maana utaona ukingo mwekundu huku na wa bluu kule mpaka uzilinganishe kwa mkono. Hiyo utaizoea.

Ambacho mimi sikuambiwa na mtu ni vidoti. Picha ghafi zimejaa vidoti vyeupe. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha na picha moja ya pete za Zohali nafuta kidoti kimoja kimoja, ikatoka safi kabisa, nikaiprinti nikabandika ukutani. Miezi baadaye nikapata bando la kutosha nikapakua fremu zilizofuata pale, nakuta kidoti kimoja nilichokifuta kipo, kimesogea kidogo kufuata pete. Ulikuwa mwezi wa Zohali. Niliumia sana aisee, mwezi mzima nimeufuta kama vumbi.

Mliokulia huku mtanielewa haraka. Usiku wa giza ukikaa kwenye mawe ukatazama ziwani, taa za wavuvi wa dagaa kule mbali na nyota zilizoshuka chini kabisa zinafanana, kwa kutupa jicho mara moja huzijui, mpaka utulie uangalie tena baadaye ipi imehama na ipi haijahama. Kwenye picha ni hivyo hivyo. Kidoti kilichotokea fremu moja tu kikapotea, mara nyingi ni chembe za mionzi ya anga zimegonga sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Kilichoganda pikseli ileile hata kamera ikigeuka, hiyo pikseli ni mbovu. Nyota zinahama zote pamoja, na kinachohama kivyake hicho usikiguse kabisa.

Machi 1979 Linda Morabito, injinia aliyekuwa kwenye timu ya kuongoza chombo cha Voyager 1, aliongeza mwanga kwenye picha ya Io, mwezi wa Mshtarii, sababu alikuwa anatafuta nyota hafifu ya kukagulia njia ya chombo. Pembeni ya Io akaona kitu kama mwavuli. Angeweza kusema ni kasoro ya kamera akaendelea na kazi yake, ila hakukiacha, wakakagua mpaka ikajulikana ni moshi wa volkano, umepanda kilomita zaidi ya 200. Ndo volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya dunia yetu. Mimi hii habari kila nikiikumbuka narudi kuangalia kingo za picha zangu upya.

Rangi sasa, kwa kifupi. Ukiikoleza sema umeikoleza. Neptuni ilipigwa na Voyager 2 mwaka 1989, picha zikakolezwa ili mawingu yaonekane, maelezo yakapotea njiani, watu miaka na miaka wanaamini ni bluu nzito wakati kwa kweli inakaribiana na Uranusi, bluu ya kijanikijani iliyopauka.

Wiki hii pakua fremu tano zilizofuatana za pete za Zohali, tano tu, bando lisiishe. Usitie rangi, usifute kitu. Chora vidoti vyote kwenye karatasi fremu kwa fremu, halafu njoo nayo tukae tuiangalie.