Kanga ya kijani kijijini kwetu Pemba

Mmeuliza wiki hii: je, mtu avae nguo ya chama chake mahali ambapo majirani karibu wote ni wa chama kingine?

Mimi ni mwana-CCM, mzaliwa wa kaskazini ya Pemba, na huku ndiko ninakoishi. Najua msomaji wa bara atashangaa kusikia mtu wa chama tawala akijihesabu katika wachache. Lakini uchaguzi wa 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virudi, CUF, chama cha upinzani, ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Kijijini kwetu nyumba za CCM hazikuzidi vidole vya mkono mmoja. Marehemu baba alikuwa wa Afro-Shirazi, chama kilichoungana na TANU kuzaa CCM, nami nimebaki huko kwa hiari yangu, hakuna aliyenilazimisha wala aliyenilipa.

Mwaka ule nilipata doti ya kijani na njano, jembe na nyundo katikati, pale kwenye kanga tunapopaita mji. Nikajitanda, nikashika njia kwenda dukani. Mfuko wa chumvi nauona kwa macho yangu, mwenye duka ananiambia imekwisha. Hilo nililimeza. Lililoniuma hasa ni karafuu. Kwetu zikichumwa mchana, jioni majirani hukaa mkekani kuzichambua, leo kwangu kesho kwako, na mazungumzo hayaishi. Msimu ule hakuja mtu. Karafuu mbichi hazingoji. Zikilala zimerundikana hupata joto zikaharibika. Tulikaa na taa ya chemli, mimi na wanangu watatu, tukachambua mpaka adhana ya alfajiri. Mdogo alilala na kikonyo mkononi.

Na hatukuwa sisi tu. Ndoa zilivunjika, watu wakawa hawazikani. Wazee wakasema haya waliyaona zama za siasa, kabla ya 1964, na hawakutaraji kuyaona tena.

Hata hivyo niliendelea kuivaa. Ningeikunja nikaitia sandukuni, watoto wa kijiji kile wangekua wakidhani hapa pana rai moja tu, na anayefikiri vingine ana kasoro. Kwa hiyo ndiyo, avae.

Ila sitasema avae popote. Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe na katiba mpya, nao wakapigwa risasi. Watu walikufa hapa Pemba, Wete na Micheweni, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Katika waliokufa alikuwamo kijana wa jirani yangu. Habari iliponifikia nilitoka mbio kama nilivyo, na kama nilivyo ilikuwa na ile kanga kiunoni. Mlangoni akanizuia shangazi wa yule kijana, bibi mtu mzima. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Mwanangu, rangi hiyo leo nyumba hii haiiwezi."

Nilirudi nyumbani natetemeka. Nikavaa kisutu, kanga ya zamani isiyo ya chama, nikaenda tena. Wakanisogezea mkeka, nikakaa na mfiwa mpaka siku ya khitma.

Mpaka siku ile nilikuwa nikijiona mnyonge peke yangu. Kumbe nguo ile, iliyonifanya mimi mchache pale dukani, kwa mfiwa yule ilikuwa nguo ya serikali yenye bunduki. Mimi sikumpiga risasi mtu, lakini kanga haina namna ya kulieleza hilo. Tangu hapo naivaa mikutanoni, sokoni, hata njiani; msibani na hospitali siivai. Hakuna aliyenikataza. Mtu akiwa na jeraha simwekei rangi mbele ya macho akalazimika kuichukua na hiyo.

Nina neno na wenzangu wa CCM pia, hasa wa kusini Unguja ambako sisi ndio wengi. Aliyevaa zambarau ya ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, huko anapita njia ileile niliyoipita mimi 1995. Mkimnyima chumvi, msinisimulie tena uonevu wa Pemba. Ya kwetu yalipungua baada ya maridhiano ya CCM na CUF ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipokubaliwa kwa asilimia 66. Msimu uliofuata yule jirani, mama wa kijana, alikuja na mkeka wake mwenyewe. Alikaa kuliani kwangu. Tukachambua karafuu mpaka usiku mkubwa, tukazungumza habari za wajukuu.

Mwaka jana nikikung'uta godoro la binti yangu mdogo, yule aliyelala na kikonyo mkononi, nilikuta doti ya zambarau imekunjwa chini yake. Ilikuwa mpya, haijakatwa wala kupindwa. Mwanangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, anaficha rangi yake nisiione mimi. Nilikaa kitandani kitambo. Kisha nikaikata, nikaipinda, nikaifua peke yake kwa kuwa kanga mpya hutoa rangi, nikaianika kwenye kamba ya mbele, upande wa njia, sambamba na yangu.